Comet: Gari la Marekani lililotamba Daytona na kushindwa na tope la Afrika Mashariki

MKAZI wa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta, hahitaji kuelezwa kwamba nguvu za injini hazimfai dereva kitu pindi udongo mwekundu unapolowa mvua ya masika. Somo hilo kampuni kubwa ya magari ya Marekani ililipata hadharani mwaka wa 1964, ilipoleta magari ya Mercury Comet katika mashindano ya East African Safari, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally.

Comet ilianza kuuzwa mwaka wa 1960 na kitengo cha Lincoln-Mercury cha kampuni ya Ford. Iliundwa juu ya msingi wa Ford Falcon, na kwa kipimo cha Marekani ilihesabiwa kuwa gari dogo la familia. Injini yake ya kwanza, yenye silinda sita, ilikuwa na nguvu-farasi 90 tu.

Wapenda mwendo hawakuridhika. Kwa hiyo mwaka wa 1964 lilitolewa toleo la kasi, Comet Cyclone, lenye injini ya V8 ya lita 4.7 na nguvu-farasi 210. Ili kuthibitisha uimara wa Comet, watengenezaji walikuwa wameendesha magari manne katika uwanja wa Daytona, jimbo la Florida, mwaka wa 1963. Kwa muda wa siku 40 hivi, kila gari lilikwenda maili 100,000, yaani takriban kilomita 160,000, kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 165 kwa saa.

Wakiwa na sifa hiyo, walielekea Afrika Mashariki. Magari hayo yalitayarishwa California katika karakana ya Bill Stroppe, fundi mashuhuri wa magari ya mashindano. Wakati wa Pasaka ya 1964, miezi michache baada ya Kenya kupata uhuru, magari 94 yaling'oa nanga kwa safari ya zaidi ya kilomita 4,800. Yaliyomaliza yalikuwa 21. Miongoni mwao Comet zilikuwa mbili, moja katika nafasi ya 18 na nyingine ya 21, yaani mkiani kabisa. Washindi walikuwa Peter Hughes na Billy Young, wakiendesha Ford Cortina GT, gari la Uingereza lenye injini ya lita 1.5.

Ugumu wa gari la namna hiyo katika njia za udongo si fumbo. Nguvu nyingi zikifika ghafla katika magurudumu ya nyuma juu ya tope, tairi huzunguka bure na kuchimba shimo. Injini ya V8 ya chuma nayo huongeza uzito upande wa mbele, hivyo kila korongo na kila jiwe hutikisa springi na shokomzoba kwa kishindo zaidi. Uwanja wa Daytona, wenye lami laini, hauwezi kupima mambo hayo.

Nyumbani kwake Cyclone iliendelea kung'ara. Mwaka wa 1966 ilitoka Cyclone GT yenye nguvu-farasi 335, na mwaka wa 1968 Cale Yarborough alishinda mbio za Daytona 500 akiendesha Mercury Cyclone. Lakini kufikia wakati huo gari lilikuwa limepanuka na kuacha udogo wake wa awali. Jina la Cyclone liliondolewa baada ya toleo la 1971, Comet ikakoma mwaka wa 1977, na mwaka wa 2010 Ford ikatangaza kuifunga Mercury yenyewe.

Katika Safari, sifa zilikwenda kwingine. Peugeot 404, yenye injini ya lita 1.6 tu, ilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1965 ndugu Joginder na Jaswant Singh walishinda kwa Volvo PV544. Milima ya Taita, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya njia za mashindano hayo, ilitoa hukumu ile ile: gari la barabara za udongo hupimwa kwa kufika kwake, wala si kwa idadi ya farasi walioandikwa kwenye tangazo.