Kadenge na Mpira

Miaka ya sitini, jina la mwanasoka Joe Kadenge lilifika Kibirichia, huko Buuri, kwa redio ya betri. Kutoka mashamba hayo ya viazi hadi uwanja wa Jogoo Road, Nairobi, ni zaidi ya kilomita 200, na wengi waliomshangilia mchezaji huyo hawakuwahi kumtia machoni. Walimjua kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyeingia redio ya Sauti ya Kenya mwaka 1964. Mbotela akishatamka "Kadenge na mpira", msikilizaji alijua kuna beki yuko taabani.

Kadenge alizaliwa mwaka 1935 huko Hamisi, sehemu ambayo leo ni ya Kaunti ya Vihiga. Aling'ara kwanza na Maragoli United, enzi ambayo timu nyingi zilijengwa juu ya ukoo na kabila: watu wa nyumbani wakikutana mjini, huanzisha chama, na chama huanzisha timu. Akaitwa timu ya taifa, ambako alimkuta Elijah Lidonde, mshambuliaji aliyekuwa tayari gumzo.

Mashindano makubwa ya siku hizo yalikuwa Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni iliyolidhamini. Kenya na Uganda ndizo zilizoanza kulipigania mwaka 1926. Tanganyika ikajiunga mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kombe la CECAFA la leo ni mjukuu wake.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Mwaka uliofuata timu za Waluhya ziliunganishwa ikazaliwa Abaluhya United, ambayo baadaye ikawa AFC Leopards. Kadenge aliivalia jezi, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967.

Sifa yake ilikuwa chenga. Ukiuliza alifunga magoli mangapi, kila mzee ana hesabu yake, kwa kuwa takwimu hazikuwekwa kwa makini na kamera zilikuwa adimu. Mtangazaji ndiye aliyekuwa kamera. Je, sauti ile ilimkuza Kadenge kuliko miguu yake? Pengine kidogo. Lakini Mbotela alitangaza mechi za wachezaji wengi, na ni jina hili moja lililonata midomoni mwa watu.

Wala tusiipambe mno enzi hiyo. Tarehe 12 Desemba 1965, siku ya Jamhuri, Ghana waliokuwa mabingwa wa Afrika waliifunga Kenya 13-2 hapo hapo Nairobi. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika Kenya haikuzifikia hadi mwaka 1972.

Na pesa? Mpira haukuwa ajira. Hata kaskazini mwa Uingereza, ugomvi kuhusu kuwalipa wachezaji ulikuwa umeigawa raga tangu zamani. Mwaka 1895 vilabu vya miji ya migodi na viwanda vilijitenga kwa sababu vilitaka kuwafidia wachezaji wao mshahara waliokatwa wakienda uwanjani. Ndiyo asili ya raga ya ligi, yenye wachezaji 13 kila upande. Mwaka 1954 fainali yake ya marudiano kati ya Warrington na Halifax, mjini Bradford, iliingiza watu 102,569. Hata hivyo wachezaji wengi wa mchezo huo waliendelea kuchimba makaa ya mawe au kufanya kazi viwandani siku za wiki. Walau walikuwa wakilipwa kwa mechi.

Kadenge hakupata mfumo wa namna hiyo. Baada ya kustaafu aliendesha teksi jijini Nairobi kwa miaka mingi, akibeba abiria ambao huenda waliwahi kulitaja jina lake kiwanjani. Wengine huisimulia habari hiyo kama kichekesho. Ni aibu ya waliosimamia mchezo, si yake. Alifariki tarehe 7 Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 84. Mbotela naye aliaga Februari 2025.

Wasikilizaji wa matangazo yale nao wanapungua kila mwaka. Kama nyumbani kwenu, Kibirichia au kwingineko, kuna mzee anayezikumbuka mechi hizo, mketishe, mrekodi kwenye simu, na picha za timu zilizo sandukuni zipigeni nakala kabla mchwa hawajazifikia.