Gurudumu dogo la mkia, hatari kubwa: kabla kijana wako hajaunda ndege

Mtoto wa Karantina, kusini mwa Jeddah, akitazama ndege za leo anaona gurudumu la puani. Lakini babu zake waliokuja hapa zamani waliona nyingine: pua juu, mkia chini. Ndivyo ilivyokuwa Dakota DC-3 ambayo Rais Roosevelt wa Marekani alimzawadia Mfalme Abdulaziz mwaka 1945. Shirika la Saudia lilianza na ndege hiyo, na uwanja wa Jeddah wakati ule ulikuwa Kandara.

Mtindo huo haujafa. Kuna ndege zinazouzwa vipande vipande, mtu anaunganisha mwenyewe nyumbani. RV-7 ya kampuni ya Van's Aircraft, kwa mfano, ina gurudumu la mkia. Ndugu yake RV-7A ina la puani. Kwa hiyo kijana akikuambia, "Baba, nataka kuunda ndege," usimcheke. Muulize kwanza: mkia utakaa juu ya nini?

Swali hili si mchezo. Ndege ya mkia chini hubeba uzito wake mwingi nyuma ya magurudumu makubwa. Ikipinda kidogo tu inapokimbia, mkia unataka kupita mbele, na ndege inazunguka ghafla. Bawa linaweza kugusa ardhi, miguu ikavunjika, na rubani bado yuko ndani.

Basi achague vipi? Kwanza apime. Ndege ikiwa imesimama kwa magurudumu yote na mzigo wake, mizani iwekwe chini ya mkia. Gurudumu, na springi inayolibeba, viweze kubeba uzito huo na zaidi. Pili aangalie uwanja. Kwenye lami, tairi dogo gumu linatosha. Kwenye mchanga linazama, hapo anahitaji tairi kubwa la upepo. Lakini uzito ukizidi mkiani unavuta ndege nzima nyuma, kwa hiyo baada ya kulifunga, ndege ipimwe upya.

Tatu, uongozaji. Gurudumu la DC-3 haliongozwi kwa miguu: linazunguka huru, na rubani hulifunga lisizunguke kabla ya kuruka na kutua. Ndege nyingi ndogo huunganisha gurudumu na usukani wa mkia kwa minyororo na springi. Springi zikilegea sana, gurudumu linachelewa kutii. Zikikaza sana, kila mguso wa mguu unaishtua ndege.

Kwenye kulifunga, kosa linalosumbua wengi ni mhimili, yaani chuma kinachosimamisha gurudumu lizunguke. Ndege ikiwa na mzigo, mhimili uwe wima, au kichwa chake kiegemee nyuma kidogo. Kikiegemea mbele, gurudumu hutikisika kama la kitoroli cha dukani mpaka mkia wote unatetemeka. Springi ya zamani iliyochoka huleta ugonjwa huohuo. Mwisho kila nati itiwe pini, isifunguke yenyewe.

Na kabla ya hayo yote, aulize Mamlaka Kuu ya Usafiri wa Anga ya Saudia masharti yake, kisha atafute fundi mwenye leseni akague kazi. Mzazi nenda naye. Hata kama hujui ndege, unaweza kupiga magoti nyuma ya mkia na kuuliza: "Mwanangu, hiki kichwa kimeegemea wapi?"