Safari ya Ulaya baada ya miaka 40: Pakia nguo kwa kuangalia mwili wako wa sasa

Kila mwaka unapokaribia mwisho, wagonjwa wanaojiandaa kwa safari za Ulaya huongezeka kliniki. Mama anakwenda kumtazama binti yake aliyejifungua Uingereza, mwalimu amepata semina ya wiki mbili Ujerumani, mfanyabiashara anakwenda kwenye maonyesho Italia. Wengi huuliza kuhusu chanjo na dawa za presha. Wachache sana huuliza kuhusu nguo, kwa sababu nguo huonekana ni suala la fundi na duka.

Kwa mwanamke aliye kati ya miaka 40 na 55, nguo za safari ni suala la afya. Katika umri huu mwili haupokei joto na baridi kama ulivyofanya ukiwa na miaka 25. Miguu imebadilika, hedhi haitabiriki tena, na wengi wana maradhi mengine wanayoyatibu. Anayefuata ushauri wa "vaa nguo nzito, kule kuna baridi" anaweza kujikuta akitokwa jasho ndani ya treni, kisha dakika tano baadaye anatetemeka kituoni huku nguo za ndani zimelowa.

Wiki hii tuangalie namna ya kupakia begi kwa kufuata mwili ulio nao sasa.

Kwa nini joto la ghafla?

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili. Ifananishe na kile kifaa cha ndani ya pasi kinachoizima ikipata moto wa kutosha na kuiwasha ikipoa. Kwa miaka mingi sehemu hii huvumilia mabadiliko madogo ya joto bila kufanya lolote. Homoni ya estrojeni inapoanza kupanda na kushuka, uvumilivu huo hupungua. Joto likiongezeka kidogo tu, ubongo huamini mwili umepata moto kupita kiasi. Mishipa ya damu kwenye ngozi hutanuka, uso na kifua huwaka, jasho hutoka na moyo hudunda haraka. Kwa kawaida hali hiyo hudumu dakika 1 hadi 5, kisha baridi hufuata.

Tunasema mwanamke amefikia ukomo wa hedhi anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini joto la ghafla linaweza kuanza miaka kadhaa kabla, hedhi ikiwa bado inakuja. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 43 hudhani ana malaria isiyoonekana kwenye vipimo.

Sasa mpeleke mwanamke huyo London mwezi Januari. Nje ni nyuzi joto 2 hadi 8. Ndani ya duka, treni au nyumba ya mwanawe mitambo ya joto imewashwa, na ni nyuzi 20 hivi. Kwa siku moja ataingia na kutoka mara nyingi. Kila akiingia na koti zito asiloweza kulivua upesi, anajiamshia joto lake mwenyewe.

Matabaka matatu mepesi

Dawa yake ni kuvaa matabaka matatu mepesi badala ya nguo moja nzito, na kila tabaka liwe rahisi kuvua.

Tabaka la kwanza ni linalogusa ngozi. Kazi yake ni kuondoa jasho. Hapa pamba tuliyoizoea ina kasoro: hunyonya jasho na kulishikilia. Nyumbani pwani hilo halina shida, lakini kwenye baridi nguo iliyolowa huupokonya mwili joto. Kwa kutembea nje chagua fulana nyembamba ya mikono mirefu ya sufu laini, ambayo huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu, au ile ya kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Fulana mbili na taiti mbili za aina hiyo zinatosha safari ya siku 10, kwa sababu unaweza kuzifua jioni. Pamba ibaki kwa chupi na nguo za kulalia.

Tabaka la pili ni la kutunza joto: sweta la vifungo au zipu mbele. Acha yale ya shingo ndefu yanayovuliwa kupitia kichwani. Joto likikukuta katikati ya basi lililojaa, huwezi kulivua bila kuvuruga kilemba, wigi au hijabu yako.

Tabaka la tatu ni koti lisilopitisha upepo wala mvua, lenye kofia, na pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta. Si lazima liwe jipya. Makoti mazuri yapo kwenye mitumba ya Karume na Manzese, au Gikomba kwa walio Nairobi, na mengi yalitoka hukohuko unakokwenda. Kagua zipu na mifuko. Muuzaji akikuruhusu, dondoshea maji kidogo kwenye mkono wa koti. Yakitiririka ni sawa, yakizama liache. Lifue na kulikausha vizuri kabla ya kuvaa.

Skafu, kofia na glovu ni vya kuvua kwanza kila unapoingia ndani. Wanaovaa hijabu wachague kitambaa chepesi cha pamba kuliko poliesta, ambayo huziba hewa shingoni. Anayevaa baibui anaweza kuvaa fulana na taiti za joto ndani yake, ila pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Pindo refu hunasa kwenye ngazi za umeme na kulowa mvua.

Usiku una taabu yake, kwa kuwa malazi mengi ya majira ya baridi yana blanketi moja nene. Beba kanga doti moja. Kipande kimoja tandika juu ya shuka, cha pili kiweke karibu. Ukiamka umelowa saa nane za usiku, badilisha kanga na ulale bila kuamsha nyumba nzima.

Ndani ya ndege

Kutoka Nairobi hadi London ni karibu saa 9 angani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa bila kutembea safarini kwa saa 4 au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban mtu 1 kati ya 6,000. Lakini huongezeka kwa mwenye uzito mkubwa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, aliyewahi kupata tatizo hilo, na anayetumia vidonge vyenye estrojeni, viwe vya uzazi wa mpango au vya kutuliza dalili za ukomo wa hedhi. Bonge la damu likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua.

Nguo zina nafasi hapa. Usisafiri na kibana tumbo, suruali ya jinsi inayokaza kinenani wala mkanda mgumu. Angani gesi ya tumboni hutanuka, na kubanwa huongeza kiungulia. Vaa suruali laini au gauni pana la kitenge, na viatu vinavyolegezwa, kwani miguu huvimba. Epuka nguo ya kipande kimoja inayokulazimu kuvua yote ndani ya choo kidogo cha ndege.

Wenye hatari niliyoitaja waulizie soksi maalumu za kubana zinazoishia chini ya goti, zenye shinikizo la 15 hadi 30 mmHg kifundoni. Utaona limeandikwa kwenye boksi. Zivae asubuhi ya safari kabla miguu haijavimba, zisiwe na mikunjo. Mwenye kisukari kilichoharibu hisia za miguu, au ugonjwa wa mishipa inayopeleka damu miguuni, asizivae bila kupimwa na daktari. Vilevile usijinywee aspirini kwa ajili ya safari tu. Simama utembee kila baada ya saa moja au mbili, na ukikaa inua visigino na vidole kwa zamu.

Kwa wiki 4 baada ya safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, piga simu 112, namba ya dharura inayofanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na Uingereza pia.

Viatu kabla ya mitindo

Katika miaka ya 40 na 50 mguu huwa mpana kidogo, na mto wa mafuta chini ya kisigino hupungua. Ndio umri ambao maumivu ya kisigino ya asubuhi huwa mengi. Miji kama Roma, Lisbon na Prague ina mitaa ya mawe yaliyopangwa, na mgeni hutembea kilomita nyingi kwa siku. Baada ya hedhi kukoma mifupa nayo hupungua uimara, hivyo kuteleza kwenye barafu kunaweza kuvunja kifundo cha mkono.

Nunua viatu mchana au jioni, mguu ukiwa umetanuka. Soli iwe nene, ya mpira, yenye makorongo. Vizoee kwa kutembea navyo nyumbani wiki mbili kabla; usianze kiatu kipya uwanja wa ndege. Mwenye kisukari akague miguu kila usiku, na asiipashe kwenye hita au kwa chupa ya maji ya moto, kwa sababu anaweza kuungua bila kuhisi.

Hedhi isiyotabirika

Hedhi ya umri huu inaweza kupotea miezi miwili, kisha ikaja nzito ukiwa njiani. Pakia sketi au suruali za rangi nyeusi, chupi za pamba za ziada, na weka pedi na nguo za kubadilisha kwenye begi la mkononi. Beba pia sarafu za yuro, kwa kuwa vyoo vingi vya umma hulipiwa.

Wenye maradhi mengine

Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, hivyo kinga kichwa na mikono, na dawa ziwe begi la mkononi. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu anapotoka nje. Mwenye sikoseli, na mzazi anayesafiri na mtoto mwenye sikoseli, asiruhusu nguo zilizolowa kukaa mwilini, kwani baridi huweza kuamsha maumivu.

Anayesafiri Julai naye asidanganyike. Tarehe 25 Julai 2019 jiji la Paris lilifika nyuzi joto 42.6, na nyumba nyingi za Ulaya hazina kiyoyozi. Safari hiyo inataka magauni mapana, kofia na sweta moja la jioni.

Mwone daktari kabla ya kufunga begi

Si kila jasho ni la umri. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili, homa au kupungua uzito, pima kifua kikuu. Ukihisi baridi na uchovu wakati wenzako wako sawa, pima wingi wa damu na tezi ya shingo. Ukilowesha pedi kila saa moja au mbili, au ukitokwa damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, usipande ndege kabla ya kuchunguzwa. Na joto la ghafla likikunyima usingizi, yapo matibabu. Huna haja ya kuvumilia kimya kwa kuwa mama na bibi walivumilia.

Kwa vijana mlioko Ulaya mnaowasubiri wazazi: mama akifungua dirisha Januari, kisha baada ya dakika kumi akaomba blanketi, hasumbui wala hadeki. Mwonyesheni namna ya kupunguza hita ya chumba chake, na muulizeni anahitaji nini kabla ya kumnunulia koti kubwa kuliko yote dukani.

Wewe unayesafiri, fanya jaribio moja wiki hii. Vaa matabaka yote matatu, kisha jipime kama unaweza kuyavua mawili ya juu ukiwa umesimama, begi likiwa begani, ndani ya nusu dakika. Ukishindwa, badilisha nguo hizo sasa kabla ya kufika uwanja wa ndege. Safari njema.