Je, Wajua? Joto la Usiku Mbinga na Fedha za Tabianchi

Je, wajua kwamba kahawa ya arabika huumizwa zaidi na joto la usiku kuliko jua la mchana? Watafiti wakiongozwa na Alessandro Craparo walipitia takwimu za Tanzania za 1961 hadi 2012. Mwaka 2015 wakachapisha walichokiona: kiwango cha chini cha joto, kile cha usiku, kikipanda nyuzi 1, mavuno hupungua kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Mmatengo, mkulima wa Mbinga mkoani Ruvuma, anayepanda mche leo atasubiri miaka mitatu hivi ndipo aanze kuchuma, na mkahawa ukitunzwa vizuri hata wajukuu watauchuma. Kwangu mimi, huyo ndiye mwekezaji wa kwanza wa tabianchi mkoani humo. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) cha Ugano, hapo hapo Mbinga, kina miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Usiku wenye joto, lakini, haupigiwi dawa.

Shuka sasa kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na uhakika wa wanasayansi nao unashuka. Kuhusu joto hawabishani. Kuhusu mvua ya kusini mwa Tanzania, programu zao za kompyuta zinapishana: nyingine zinaona itazidi, nyingine itapungua. Na ziwa lenyewe halitabiriki kirahisi, kwa sababu maji yake mengi huondoka kwa mvuke na kiasi kidogo tu hutoka kupitia Mto Shire. Mwaka 1915 ziwa lilishuka hata Shire ukakoma kutiririka, ukakaa hivyo takriban miaka 20. Kufikia 1980 maji yalikuwa yamepanda kama mita 6, kina cha kutosha kuumeza mchanga ambapo wavuvi huanika dagaa. Anayejenga gati hapo hana ruhusa ya kuchagua utabiri unaompendeza. Ajenge la kufaa maji yakijaa na yakikauka.

Wenye fedha je? Mfuko wa Kijani wa Tabianchi (GCF) hutaka ushahidi wa kisayansi kwanza: mwombaji aonyeshe kwamba shida yake inatokana na tabianchi, si ufukara wa siku zote. Benki ya CRDB ilivuka kizingiti hicho. Mwaka 2021 mpango wake wa kilimo wa dola milioni 200 uliidhinishwa, nusu ya fedha ikitoka GCF.

Mwaka 2023 benki hiyo hiyo ikauza Hatifungani ya Kijani. Ilitafuta shilingi bilioni 40, ikapata bilioni 171.8! Je, wanunuzi wote hao walisoma ripoti za wanasayansi? Sidhani. Riba ilikuwa asilimia 10.25 kwa mwaka, na hiyo haihitaji mtafiti wa kuifafanua. Hatifungani yenyewe ni ya miaka mitano, inaiva 2028. Mkahawa uliopandwa Mbinga mwaka ule ule utakuwa ndiyo kwanza umeanza kuzaa vizuri.