Ardhi ya Umma Yataka Jibu la Mapema

Wazee walinena: ngoja ngoja huumiza matumbo. Na tulitazame jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka 2012 kampuni ya Twin Metals iliomba mikataba yake ya kuchimba shaba na nikeli katika msitu wa Serikali ifanywe upya. Ilikataliwa 2016, ikakubaliwa 2019, mikataba ikafutwa 2022. Ikashtaki, na mahakama ikaitupa kesi 2023. Miaka yote hiyo mfanyakazi hakujua kama atapata kazi, wala mkaaji wa kando ya maziwa kama maji yake yatabaki safi. Sisi twasema: Serikali ni mlinzi wa ardhi ya umma. Iwe ndiyo, iwe hapana, na itamke mapema na sababu zake. Jibu linalokawia huwalisha mawakili, halimlishi mfanyakazi.