Baraza ya Mbao Haitaki Haraka

Ilikuwa Jumapili mchana, wageni wamekaa barazani wakisubiri chakula. Mama mkwe wangu alitoka mlangoni ameshika bakuli la mboga. Alipopiga hatua ya tatu ubao ulikatika chini yake kama biskuti, na mguu wake wa kulia ukazama mpaka gotini. Tulipomtoa, muundi ulikuwa umechubuka na damu inatiririka. Hakulalamika. Aliutazama ubao ule, juu unang'aa, chini umeoza na kuwa mweusi, kisha akaniuliza taratibu: "Mkwe wangu, hivi hapa mlipaka nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Tulikuwa tumepaka vanishi ya bei kubwa kuliko zote dukani, na mimi ndiye niliyeharakisha kazi ile.

Akina mama wenzangu, naandika habari hii kwa sababu wengi wetu tuna kitu cha mbao kinachokaa nje: baraza, mlango, dirisha, benchi, au ngazi ya kupandia nyumbani. Tunakipaka ili kipendeze, tukidhani kwamba kikipendeza kitadumu.

KOSA LETU

Sisi tunaishi Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kaskazini ya mji wa Tabora. Kiwanja chetu kina mteremko. Badala ya kujaza kifusi na kumwaga zege mbele ya nyumba, baba watoto alionelea tuweke baraza ya mbao juu ya nguzo fupi. Wazo lilikuwa zuri. Tulidunduliza miaka miwili. Mbao zikafika Desemba, mvua zimekwisha kuanza, na kazi ikamalizika mwishoni mwa Januari.

Ubatizo wa mtoto wetu ulikuwa Februari. Fundi alishauri tungoje kiangazi ndipo tupake. Mimi nikasema wageni hawawezi kukuta mbao tupu. Basi tukapaka mikono miwili ya vanishi, kati ya mvua moja na nyingine, upande wa juu tu.

Siku ya ubatizo baraza iling'aa, nami nikasifiwa. Kufikia Juni vanishi ilikuwa inapasuka na kubanduka kama gamba la nyoka. Nikadhani ni ubovu wa vanishi. Nikanunua nyingine, nikapaka juu ya ile ile. Mvua za mwaka uliofuata ndizo zilizomaliza kazi, na mguu wa mama ndio uliotuonyesha.

Usiku ule mimi na mume wangu hatukusemezana vizuri. Yeye alisema ningemsikiliza fundi. Mimi nikasema yeye ndiye baba wa nyumba, mbona hakukataa? Fedha iliyopotea iliuma. Lakini kilichouma zaidi ni kumsikia mama chumbani akijigeuza kitandani, anajikaza asigune.

MBAO HUNYWA NA KUTEMA

Wiki iliyofuata tulimwita seremala mmoja mzee. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, aliinama akachoma kisu chini ya ubao. Kiliingia bila kusukumwa. "Mama," akaniambia, "maji mliyafungia ndani."

Akatueleza jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Mbao, hata ikiwa imekauka, huendelea kunywa unyevu wa hewani na kuutema. Ikinywa hupanuka, ikitema husinyaa, hasa kwa upana wake. Na hali ya hewa ya Tabora ni ya kigeugeu. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna mvua na unyevu. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni ukavu mtupu, na Oktoba jua huwa kali kweli. Kwa hiyo ubao ule ule huvimba na kusinyaa kila mwaka.

Vanishi ni kama ngozi iliyotandazwa juu ya ubao. Mbao inapocheza chini yake, na jua linapoichoma juu, ngozi hiyo hupasuka. Maji huingia katika ufa, kisha hayapati pa kutokea. Kuvu la kuozesha mbao linataka joto, hewa na unyevu unaozidi kama asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu. Vyote hivyo tuliliandalia wenyewe, tena tukalifunikia.

Nikamwuliza, mbona milango ya nakshi ya zamani imedumu? Akacheka. "Umefika Kwihara, mama?" Nilikuwa nimefika. Pale, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna tembe ambalo sasa ni makumbusho, mahali alipokaa David Livingstone mwaka 1872. Lina mlango wa nakshi wa mtindo wa pwani, kwa maana njia ya misafara ilileta huku bara hata ufundi wa pwani. "Mlango umesimama," mzee akasema. "Mvua ikiupiga, maji hushuka. Baraza yako imelala. Maji hukaa, na watu huyakanyaga. Hivyo baraza inataka kutunzwa zaidi ya mlango."

Akaongeza kwamba mabaharia wa pwani, ambao majahazi yao hushinda majini na juani, wamezoea kuzipaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa. Mafuta huzama ndani ya mbao badala ya kukaa juu kama ngozi, na wao hawapaki mara moja wakasahau, bali hurudia.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mkekani mguu umefungwa kitambaa, akadakia: "Hata Nuhu alipaka safina lami ndani na nje. Hakupaka upande wa wageni peke yake." Sote tulicheka, hata mimi niliyesemwa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka katika nyumba ile tangu Jumapili.

TULIVYOFANYA UPYA

Mzee alitukataza kugusa kitu chochote mpaka kiangazi. Tuliweka kizuizi cha magogo barazani, tukapitia mlango wa uani miezi mitano. Watu waliuliza, nasi tulijibu. Mwezi wa Septemba tulianza, na hizi ndizo hatua tulizofuata.

1. Hakikisha mbao ni kavu. Jioni, bandika kipande cha nailoni juu ya ubao, ukizibe kwa selotepu pande zote. Asubuhi ukikuta matone ndani ya nailoni, subiri bado.

2. Badili mbao mbovu. Usizibe uozo kwa puti, kwa sababu unaendelea chini kwa chini. Sisi tulinunua mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zenye alama ya nyundo ya watu wa misitu. Mninga wa mapori yetu hustahimili sana nje, lakini bei yake ni kubwa, hivyo tuliuweka kwenye ngazi tu. Kati ya ubao na ubao acha nafasi inayopitisha msumari wa inchi nne, ili maji yadondoke chini na hewa ipite.

3. Ondoa vanishi yote ya zamani. Tulikwangua, kisha tukapiga msasa mkali na baadaye wa wastani, kufuata nyuzi za mbao. Kama nyumba yako ina rangi ya miaka mingi, jihadhari: rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, ambayo huharibu ubongo wa watoto. Usiikwangue kavu. Ilowanishe kwanza, funga kitambaa puani na mdomoni, na watoto pamoja na mama mjamzito wakae mbali.

4. Osha kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, kisha acha mbao zikauke siku kadhaa za jua.

5. Dondosha tone la maji. Likizama upesi, mbao ina kiu na itapokea mafuta. Likikaa juu kama shanga, bado kuna vanishi au mafuta ya zamani yanayozuia.

6. Paka mafuta, si vanishi. Tulichagua mafuta ya mbao ya kutumia nje, yenye rangi ya kahawia na dawa ya kuvu. Rangi ile si urembo tu. Huzuia miale ya jua ambayo huunguza mbao na kuifanya ya kijivu. Mafuta ya kitani, yale mafundi wanayoita linsidi, yakipakwa peke yake hayazuii jua, na penye unyevu huota ukungu mweusi.

7. Paka pande zote. Mbao mpya tulizipaka chini na ubavuni kabla ya kupigiliwa. Vichwa vya mbao, pale zilipokatwa, tulivipaka mara mbili, kwa maana hapo ubao hunywa maji kama mrija. Paka kidogo kidogo kwenye kivuli, asubuhi umande ukishakauka au jioni jua likipungua. Baada ya dakika 15 hadi 20, futa yote ambayo hayakuzama. Ukiyaacha yatabaki yananata. Ngoja siku moja, ndipo upake mkono wa pili.

Wengine huniuliza habari za nta, maana mkoa wetu ni wa asali. Nta ni nzuri kwa meza na makabati ya ndani. Sakafuni nje haifai: hulainika juani na huteleza.

MAMA, ANGALIA WATOTO

Kuna hatari tatu ambazo hazikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kopo.

Ya kwanza ni matambara. Mafuta ya aina hii yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa au kurundikwa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Mume wangu aliyatupa ya kwetu kwenye kikapu stoo. Nilipokwenda kuyachukua jioni nilikuta kikapu kina joto kama mkate uliotoka kuokwa, na ukuta wa pili ni chumba cha watoto. Tangu siku hiyo tunayaanika moja moja nje mpaka yakakamae, au tunayatia kwenye kopo la maji.

Ya pili ni thina na mafuta ya taa. Usiyatie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anajua chupa, hajui kilichomo. Akinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa kwa nguvu. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Kutapika kunaweza kupeleka mafuta hayo mapafuni.

Ya tatu ni oili chafu ya gari. Wengi huipaka kwenye mbao kufukuza mchwa, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Lakini ina sumu, haikauki vizuri, na mtoto anayetambaa juu yake huipeleka mdomoni.

TULICHOJIFUNZA

Kazi ilituchukua Jumamosi tatu, mimi na baba watoto tumepiga magoti bega kwa bega, yeye na msasa, mimi na brashi. Kwenye ubao wa nne au wa tano alisema, bila kuniangalia, kwamba mwaka ule angeweza kukataa na hakukataa, kwa kuwa alipenda kuniona nikisifiwa. Nami nikamwambia kwamba sifa zile zilinigharimu. Hatukuongeza neno. Tuliendelea kupaka.

Baraza yetu sasa haing'ai. Ina rangi ya chai ya rangi, na mvua ikinyesha maji hupita kati ya mbao na kwenda zake. Kila mwaka, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kabla ya mawingu, tunaiosha na kuipaka mkono mmoja. Kopo la mwaka si kitu ukilinganisha na mbao tulizotupa.

Mama mkwe huja kila Pasaka. Kovu lake bado lipo. Hukaa barazani akichambua mchele na kusimulia wajukuu, lakini nimeona kwamba akitoka mlangoni bado anauruka ule ubao wa tatu, ingawa ni mpya. Simlaumu.

Wewe nawe, kabla mvua hazijaanza, chukua maji kidogo kwenye kijiko, udondoshe tone juu ya baraza au benchi lako. Likizama, usikimbilie dukani siku hiyo hiyo. Anza kwa kuinama na kutazama upande wa chini.