Manowari Hupimwa kwa Maji Yake

Boti zinazotia nanga Kituku, hapa Goma, zikitoka Minova au Idjwi na mihogo, makala na sambaza, ama zimeundwa kandokando ya Ziwa Kivu au zimeletwa kwa nchi kavu. Hakuna njia ya tatu. Ziwa liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ruzizi, mto pekee unaotoka humo, hushuka karibu mita 700 kwa maporomoko hadi kufika Tanganyika. Chombo cha vita nacho kitafika hapa kwa lori au kwa vipande. Jambo hilo linatosha kuivuruga orodha tuliyoizoea, ile inayozipanga manowari kama vyeo vya jeshi: ya kubeba ndege juu, kisha kruza, destroya, frigeti, na chini kabisa boti ya doria, kana kwamba ni mtoto ambaye hajakua. Kwangu mimi aina za manowari si ngazi. Kila moja ni jibu la maji fulani na kazi fulani, na ikihamishwa inakuwa mzigo.

Frigeti na destroya huzisindikiza meli nyingine, ndiyo maana zina rada mlingotini, mitambo ya kusikiliza nyambizi chini ya maji, na makombora ya kutungulia ndege. Vyote hivyo ni uzito, na uzito hutaka maji yenye kina. Kruza ya Kijerumani Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105, na tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar. Ilipojificha katika delta ya Rufiji, kruza za Waingereza zilizokuja kuisaka zilibaki nje, kwa kuwa mikondo ile haikuwa na kina cha kuzibeba. Walioimaliza, Julai 1915, ni Severn na Mersey, vyombo bapa na vya polepole vilivyoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili. Mizinga yao ilielekezwa na ndege, kwa sababu mabaharia hawakumwona adui nyuma ya mikoko. Baharini kwenyewe Königsberg ingewaacha mbali sana.

Ziwa Tanganyika lilitoa ushahidi mkali zaidi. Boti mbili za Waingereza, zilizoitwa Mimi na Toutou, zilikuwa za mbao, mita 12 tu, zenye injini mbili za petroli, mzinga mdogo omoni na bombomu tezini. Zilitoka Uingereza hadi Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Katanga, na Desemba 1915 zikashushwa ziwani karibu na Kalemie ya leo. Zilikimbia maili 19 za baharini kwa saa. Meli za mvuke za Wajerumani zilikuwa za polepole zaidi. Mojawapo, Kingani, ilitekwa tarehe 26 Desemba, ikapewa mzinga mzito na jina la Fifi. Februari 1916 Mimi iliikimbiza meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, na kuichelewesha, Fifi ikafika na kuizamisha. Kasi ilishika, mzinga ukamaliza.

Mtu atapinga: mbona Waingereza hawakuigusa meli ya Wajerumani Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi? Kweli, kamanda wao, Spicer-Simson, alikataa kuishambulia, na ukubwa una heshima yake. Lakini Götzen haikushindwa na meli kubwa kuliko yenyewe. Majeshi yalikuja kwa nchi kavu, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916. (Ilikuja kuibuliwa, na ndiyo meli iitwayo Liemba.) Goma nayo, Januari 2025, ilichukuliwa na waasi wa M23 kwa nchi kavu; frigeti ikielea mbele ya Kituku isingebadilisha hesabu hiyo.

Wengine watasema basi ziwa halihitaji chombo cha kijeshi hata kimoja. Hapo sikubali. Barabara ya Minova kupitia Sake ilipokatika mapema mwaka 2024, chakula cha mji kilihamia majini, na tarehe 3 Oktoba mwaka huo MV Merdi, ikitoka Minova na abiria kupita kiasi, ilipinduka karibu na Kituku, ikaua watu wengi mbele ya macho ya waliokuwa wakiingojea. Kukagua mizigo, kuwinda magendo na kuokoa ni kazi za jeshi la maji sawa na kupigana. Chombo cha kazi hizo kinahitaji kina kifupi ili kifike mwaloni, injini mbili ili moja ikizima nyingine iendelee, rada na taa kali za usiku, bombomu omoni, na ubavu wa chini ambao mtu aliyechoka anaweza kuvutwa juu yake. Sitaha ya nyuma iachwe wazi kwa ajili ya watakaoopolewa. Mzinga mkubwa ungekula nafasi hiyohiyo.